Oili Iliyopimwa Mteremkoni

Uvumi ulimkuta Tupokigwe kisimani, kabla ndoo haijajaa: eti mwanawe Asukile alikuwa amelewa ulanzi, pombe ya mianzi, siku alipomgonga Yudith, muuza mchele wa Chimala, akamuua.

Akaumwaga pamoja na maji ya kusuuzia ndoo. Ukarudi. Akaenda nao kanisani kwa ibada ya jioni, wakakaa benchi moja, wakaimba pamoja. Akichambua maharage, upo. Akifunga ng'ombe, upo. Watu kusema hakukumshangaza, maana midomo ya watu haina mlango. Kilichomchoma ni kwamba ulanzi unamtapisha Asukile. Tangu mdogo, harufu yake tu ilimtoa mbio kwenye sherehe, na wenzake walimcheka. Mtu wa kutapika kwa harufu atalewaje?

Siku ya nne, Alhamisi, hasira ikamshinda. Alijifunga kanga mbili, akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akashuka toka vilimani mwa Mbeya hadi barabarani, akapanda lori la mbao lililokuwa likielekea Chimala.

Sokoni aliuliza mahali pa Yudith, akaonyeshwa mkeka mtupu, na kando yake mkeka wa Esta, dada wa marehemu. Esta alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Unataka pishi ngapi, mama?"

"Sitaki mchele. Mimi ni mama yake Asukile."

Ungo ukasimama. Esta alimtazama toka miguuni hadi kichwani, kisha akatema mate pembeni.

"Umekuja kuangalia alipolala mwenzangu? Pale. Hapo penye majivu. Tumemwaga majivu tufunike damu. Sasa umeona, nenda."

"Pole, mwanangu. Sikuja kumtetea. Kama alikuwa mlevi, mimi mwenyewe nitawaambia wamfunge. Niambie tu ulichokiona."

"Nilichokiona!" Esta alipiga ungo chini. "Niliona moshi. Moshi mweupe wenye ubuluu, umejaa barabara yote kama watu wanachoma nyasi mbichi. Halafu ile motokaa inakuja inalia, inalia, kama nguruwe anayechinjwa. Huyo mwanao nilimwona, anavuta kitu mbele yake kwa mikono miwili. Anavuta mpaka kikang'oka. Gari likapunguza mwendo, nikasema, haya, limesimama. Likaruka! Likampitia mwenzangu, likaenda kugonga ukuta wa ghala, ndipo likanyamaza."

"Alikuwa anavuta kwa mikono miwili?"

"Si nimekwambia?"

"Na ulevi nani aliuona?"

Esta aliokota ungo. "Askari walikuta kibuyu cha ulanzi chini ya kiti. Basi. Dereva mwenye kibuyu cha ulanzi alikuwa anakwenda kuoga nacho?"

Tupokigwe alishukuru, akaenda zake kituoni.

Sajini Yotamu alikuwa mtu mnene, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini na daftari lililofunguliwa mbele yake. Alimkaribisha kwa adabu, maana alikuwa amelelewa vyema, lakini hakumpa kiti.

"Mama, kesi hii ni nyepesi. Gari la dizeli, mali ya Bwana Philbert wa Igowole. Dereva ni mwanao. Kibuyu hiki tumekikuta chini ya kiti." Alikionyesha kwenye rafu: kibuyu cha shingo ndefu, kimezibwa kwa gunzi. "Kinanuka ulanzi hadi nje. Jumatatu mwanao anakwenda kortini Mbeya. Kwa ulevi na kifo, si chini ya miaka saba. Na gari Jumatatu hiyohiyo anarudishiwa mwenyewe, sina pa kuliweka."

"Asukile mwenyewe anasemaje?"

"Anasema alivuta kamba ya kuzimia, injini ikakataa kuzimika. Mama, mimi si fundi, lakini ukifunga dizeli injini inakufa. Hakuna tumbo linalofanya kazi bila chakula."

"Naweza kukishika kibuyu?"

"Hapana. Ni kidhibiti hicho."

Alikuwa amekwisha kukishika. Alikinusa nje: ulanzi, kweli, uliokauka na kuchacha. Akang'oa gunzi, akatia kidole cha shahada ndani, akakitoa. Kisha akakiinamisha kibuyu juu ya meza. Uzi mzito, wa rangi ya asali, ukashuka polepole ukatua katikati ya daftari la serikali.

"Mama! Unafanya nini!"

"Onja, Bwana Sajini. Onja huo ulanzi uniambie una siku ngapi."

Sajini alifuta kwa kiganja, akazidisha uchafu. Akanusa kiganja. Ilikuwa oili mpya ya injini.

"Siku nne kibuyu kiko kichwani pako," Tupokigwe alisema, "hukutia kidole! Ulinusa nje ukamaliza kesi. Ukiona kanisani pananuka ubani utasema padri ni ubani?"

"Labda alikunywa kwanza, halafu akatia oili."

"Akakisuuza kwa oili. Haya. Na Bwana Philbert ameandikisha nini?"

Sajini alifungua ukurasa mwingine, usio na mafuta. Labda kwa aibu, alisoma kwa sauti. "Anasema gari lilikuwa zima. Dereva ndiye aliyebadilisha oili, siku moja kabla ya safari. Yeye hakushika hata spana. Alikuja mwenyewe kuandikisha, mwungwana kabisa, ingawa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Aliungua akiepua chungu cha uji."

"Ana mke?"

"Anaye. Kwa nini?"

"Tangu lini mwanamume wa Igowole, mwenye motokaa na mke, akaepua chungu cha uji?"

Sajini alifunga daftari.

Alimruhusu kumwona mwanawe kwenye dirisha la nyuma lenye nondo. Asukile alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, na sasa amekonda. Alipomwona mama yake alitaka kulia. Akakatazwa.

"Machozi baadaye. Nani alibadilisha oili?"

"Bwana mwenyewe. Mimi nilikuwa nampa spana. Mwaka jana aliita fundi, mwaka huu akasema fundi wa nini, kitabu anacho."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Sajini akaniambia mlevi hasingizii tajiri."

"Mlibadilishia wapi?"

"Palepale linapolala. Mteremkoni, nyuma ya nyumba. Betri imekufa, mama. Lazima lilale kichwa chini, asubuhi ukitoa mawe linaserereka, unaingiza gia, linawaka. Nikamwambia, Bwana, tulisukume hadi tambarare. Akaniambia, tukishalisukuma hadi tambarare, nani atalirudisha mlimani, mama yako?"

Tupokigwe aliuma midomo. "Endelea."

"Akafungua nati ya chini injini ikiwa bado ya moto. Oili ikamwagikia mkononi, akapiga kelele. Ikatoka, ikakatika, akafunga. Akatia mpya. Akapima kwa kile chuma cha kupimia, kikatoka kikavu. Akaongeza. Iliyobaki akaitia kwenye kibuyu, akaniambia, njiani kila ukisimama pima, pakiwa pakavu ongeza."

"Ukapima?"

"Nilipima mara moja, kwenye kilima kabla ya Igawa. Niliegesha kichwa chini, nisije nikashindwa kuliwasha. Chuma kikatoka kikavu. Nikaongeza nusu ya kibuyu. Lilikuwa linatoa moshi tangu Igowole, nikajua lina kiu."

"Halafu?"

"Halafu hapa Chimala likaanza kukimbia lenyewe. Sijakanyaga mafuta. Nikavuta kamba ya kuzimia, likakataa. Nikavuta mpaka kamba ikang'oka. Nikakanyaga breki na klachi. Injini ikalia, mama, ikalia kama inapasuka, nikaona itanilipukia." Akatazama chini. "Nikaachia klachi."

"Uliachia."

"Niliachia."

Hakumwambia kwamba si kitu. Alimpa viazi kupitia nondo kimoja kimoja, akaondoka.

Fundi wa magari wa Chimala aliitwa Timotheo, mzee mkavu mwenye kanga ya mkewe shingoni ya kujifutia jasho. Tupokigwe alimkuta ameketi juu ya tairi akila muhogo.

"Baba, injini ya dizeli inaweza kukataa kuzimika?"

Timotheo alitafuna hadi akamaliza. "Nani kakuuliza hilo?"

"Ninakuuliza mimi, mama yake Asukile."

"Inaweza. Ya petroli ina cheche. Ukikata cheche imekufa. Ya dizeli haina cheche ya kukata. Inakandamiza hewa mpaka inakuwa moto, chochote kinachoungua kikiingia, inakula. Sasa oili ikizidi mle chini, inachapwa kama maziwa yanayosukwa, inakuwa povu, inapanda hadi njia ya hewa. Injini inaanza kuinywa oili yake yenyewe. Hapo funga dizeli, vuta kamba, omba Mungu, haizimiki. Inakimbia mpaka oili iishe au chuma kipasuke. Nimeiona mara moja tu maishani."

"Moshi wake ukoje?"

"Mweupe wenye ubuluu. Mwingi."

Tupokigwe alikaa juu ya tairi jingine bila kukaribishwa.

"Na dawa yake?"

"Kanyaga klachi usiachie, injini isishike magurudumu, hata ikilia namna gani. Au ziba njia ya hewa kwa nguo nzito, injini inakosa pumzi. Lakini mama, usinikimbize kituoni. Sajini hataniacha nifungue boneti kwa neno la mama wa mshitakiwa. Na Bwana Philbert atasema alitia kipimo cha kitabu. Pengine ni kweli alitia. Mpaka ujue iliyotoka ilikuwa kiasi gani."

"Iliyotoka imekwisha kumwagwa."

"Huku kwetu hakuna anayemwaga oili chafu, mama. Ni mali ile."

Ijumaa alipanda lori jingine, akateremka njia panda, akatembea kati ya mashamba ya chai na mahindi hadi Igowole, miguu imejaa vumbi jekundu. Jumamosi asubuhi aliingia kwenye ua wa Philbert. Mwenye nyumba hakuwepo, alikuwa amekwenda Iringa mjini kutafuta lori la kulivuta gari lake. Alikuwepo mkewe, Apolonia, mwanamke wa umri wa kati mwenye rozari shingoni, anamenya viazi.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, mama. Karibu. Umetoka mbali, naona."

"Mbeya. Mimi ni mama yake Asukile."

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea, lakini polepole. "Mtoto mwema yule. Tulikuwa tukimcheka hapa, ulanzi ukipita anakimbilia bandani."

"Ungewaambia hivyo polisi."

"Sikuulizwa."

Tupokigwe aliketi, akachukua kiazi, akaanza kumenya naye. Alipokwisha viwili, aliomba kujisaidia, akazunguka nyuma ya nyumba. Mteremko ulikuwa hapo. Ulikuwa mkali, mtu akisimama visigino vinamwuma. Mawe mawili ya kuzuilia tairi bado yalikuwepo, na katikati yake doa jeusi la oili kwenye majani. Hapo ndipo motokaa ilipolala, kichwa kinatazama bondeni.

Aliyatazama mawe muda mrefu. Nyumbani kwake figa moja lilikuwa fupi, na kila siku chungu kiliinama upande. Mchuzi wote ukakimbilia upande wa chini. Siku moja binti yake mdogo alichovya mwiko upande wa juu, ukatoka mkavu, akasema mama, mchuzi umekwisha, akaongeza maji mpaka chungu kikafurika moto ukazimika. Alimchapa kwa hilo.

Aliporudi uani, macho yake yaliangukia boma la ng'ombe. Lilikuwa la nguzo za miti. Nguzo nyingi zilikuwa nyeupe kama zilivyokatwa, lakini chache zilipakwa weusi toka chini hadi juu.

"Hizi nyeusi ni nini, dada?"

"Oili chafu. Inazuia mchwa. Naipaka mwenyewe, wanaume hawana subira."

"Hizi sita zimefifia."

"Za mwaka jana. Fundi alimwaga kule uwanja wa kanisa, nikaibeba na debe kichwani, ikatosha nguzo sita."

"Na za mwaka huu?"

"Tatu tu. Nikamwuliza Philbert, mbona mwaka huu motokaa imetoa kidogo? Akaniambia nyamaza, ninaumwa mkono."

Tupokigwe aliacha kumenya. Alihesabu kwa kidole, kwa sauti. "Sita. Moja, mbili, tatu. Injini ni ileile?"

"Ileile."

"Basi nguzo tatu zilibaki tumboni mwa gari. Halafu akatia mpya, kipimo kizima. Halafu akapima mteremkoni, akaona pakavu, akaongeza. Akampa mwanangu kibuyu aongeze tena." Akasimama. Viazi vikamwagika. "Halafu akaenda polisi akasema ameungua na uji! Uji wako huo, dada! Uji wako ndio umemuua Yudith!"

Apolonia alishika rozari kwa mikono miwili.

"Utasema haya mbele ya Sajini?"

"Mimi ni mke wa mtu, mama."

"Na mimi ni mama wa mtu. Na Yudith alikuwa dada wa mtu."

Apolonia alitazama zile nguzo. "Siwezi kwenda kujipeleka. Lakini akija mwenye kofia ya askari akaniuliza, sitasema uongo. Ninamwogopa Mungu kuliko Philbert." Akafikiri. "Lakini si kwa mbali sana."

Jumatatu asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo, Tupokigwe alifika kituoni Chimala akiwa na Timotheo nyuma yake. Walikuta lori limekwisha kusimama, na kamba nene imelala chini mbele ya motokaa iliyobonyea pua. Bwana Philbert, mtu nadhifu mwenye kofia ya sola, ile ngumu ya kukinga jua, alikuwa anatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kitambaa.

"Bwana Sajini, usimpe," Tupokigwe alisema.

"Huyu ni nani?" Philbert aliuliza.

"Mama wa dereva," alisema Sajini kwa uchovu. "Mama, tulikwisha kuzungumza."

"Hatujazungumza. Nipe bakuli lako la maji na kijiti. Nipe tu. Nikishindwa nitaondoka, na daftari lako nitalifua."

Askari mmoja aliyekuwa karibu alicheka. Sajini alitoa bakuli. Tupokigwe alijaza maji nusu, akaliweka chini tambarare, akachovya kijiti karibu na ukingo. Kikatoka kimelowa vidole viwili. Kisha akatia jiwe chini ya ukingo uleule, bakuli likainama, akachovya palepale. Kikatoka kikavu.

"Nimepunguza maji?"

"Hujapunguza," alisema Sajini.

"Asiyejua ataongeza?"

"Ataongeza."

"Na nikitoboa tundu hapa hapa juu, maji yote yatatoka? Oili chafu ya mwaka jana ilipaka nguzo sita za boma la Bwana Philbert, ya mwaka huu tatu tu; muulizeni mkewe."

Sajini alichuchumaa. Alitazama bakuli, akatazama motokaa, akatazama mkono wa Philbert. "Fundi," alisema polepole, "hiyo nati ya kumwagia oili iko upande gani wa injini?"

"Nyuma, Bwana. Na chuma cha kupimia nacho kiko nyuma. Gari likilala kichwa chini, oili yote inakwenda mbele. Ya zamani haitoki yote, na ukipima unadanganywa."

"Upuuzi wa jikoni," Philbert alisema. "Nina haraka, Sajini."

"Hapa uwanjani ni tambarare," alisema Sajini. "Fungua boneti."

Boneti iliyobonyea iligoma, Timotheo akaifungua kwa nondo. Alivuta chuma cha kupimia, akakifuta kwa kanga, akakirudisha, akakivuta tena. Akakiinua juani wote waone. Alama ya kikomo ilikuwa imezama. Oili ilikuwa imepanda juu yake vidole vinne, nyeusi, inang'aa.

"Na hii ni baada ya kunywa nyingine njia nzima," alisema Timotheo. "Ilipotoka Igowole sijui ilikuwa wapi."

Philbert alicheka kwa puani. "Sasa? Oili imezidi. Oili ni dawa ya injini, si sumu. Nilitia kama kitabu kilivyosema, galoni moja na nusu, nikapima, nikao—"

Akakatisha. Sajini alivuta daftari lake, akafungua ule ukurasa usio na mafuta, akasoma kwa sauti ndogo: "'Sikushika hata spana.'"

"Nilikuwa na maana ya—"

"Fungua kitambaa, Bwana Philbert."

"Nimeungua na uji."

"Fungua."

Alikifungua mwenyewe, kwa hasira. Kiganja chote kilikuwa kimebabuka ngozi, na pembeni mwa kidonda, ndani ya mistari ya ngozi na chini ya kucha, mlikuwa na weusi ambao sabuni ya wiki nzima haikuutoa.

"Uji wa Igowole mweusi," alisema Timotheo.

Tupokigwe alimsogelea Philbert mpaka kofia ya sola ikamgusa paji la uso. "Mwanangu alikwambia lisukumwe tambarare. Ukamwuliza kama mama yake ndiye atakayelirudisha mlimani. Nimekuja. Mimi ndiye. Nionyeshe mlima."

"Mama, tosha," alisema Sajini, lakini hakumshika. "Bwana Philbert, keti hapo. Kamba iondoeni. Gari halitoki, na wewe hutoki. Askari wawili waende Igowole, wahesabu nguzo za boma, wamuulize mkewe kwa heshima." Akageuka kwa Tupokigwe. "Neno la ulevi ninalifuta. Lakini mwanao bado anakwenda Mbeya. Mwanamke amekufa, na aliyekuwa kwenye usukani ni yeye. Hakimu atapima."

"Apime. Mradi apime pakiwa tambarare."

Kutoka hapo alikwenda sokoni moja kwa moja. Esta alikuwa kwenye mkeka wake. Tupokigwe alimweleza yote, uwongo wa Philbert na vidole vinne vya oili, na mwisho akamweleza lile ambalo Sajini hakuliuliza: kwamba Asukile aliogopa, akaachia klachi.

Esta alipepeta muda mrefu. "Kwa nini unaniambia hilo?"

"Kwa sababu ungelisikia kisimani."

Esta hakumsamehe. Lakini alisogeza ungo, pakawa na nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka.

Mchana ule Tupokigwe aliazima penseli kwa Sajini, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nne, polepole, ulimi nje. Timotheo akaipigilia karatasi kwa misumari kwenye nguzo ya mbele ya karakana yake, mahali ambapo madereva wote wa njia ya Iringa na Mbeya wanasimama. Iliandikwa hivi:

MWENYE GARI LA DIZELI ANAYEBADILISHA OILI MWENYEWE, SOMA.

Usibadilishe oili gari likiwa mteremkoni. Hata kama betri imekufa. Ita watu walisukume.

Usifungue nati ya chini injini ikiwa ya moto sana. Iache ipoe kidogo, iwe vuguvugu, oili itoke bila kukuchoma.

Usifunge nati kabla hujaona iliyotoka ni sawa na ya mara iliyopita. Pima kwa debe, usipime kwa macho.

Usipime oili gari likiwa limeinama.

Usiongeze kwa kuhisi. Oili inazidi. Anayesema haizidi ni mwongo.

Usitie oili kwenye chombo cha pombe.

Usiendelee na safari ukiona moshi mweupe wenye ubuluu. Gari halina kiu, limeshiba.

Injini ikikataa kuzimika usiachie klachi. Ilie. Ipasuke. Usiachie.

Usimtume mtoto wa mwenzako barabarani na kosa lako.

Na wewe unayepita: usiseme mtu alikuwa mlevi kabla hujatia kidole ndani ya kibuyu.